Mama Mpaka Lini na Ngiri ya Bosi

Hospitalini walimwita Mama Mpaka Lini, na aliyembandika jina hilo hakukosea. Madaktari wenzake walifungua kliniki zao wakanenepa. Yeye alichagua utafiti: kuzunguka vitandani akimuuliza kila daktari aliyeandika antibayotiki, "Hii ni ya nini? Na mpaka lini?" Wakimwona kwa mbali, walijitia kuongea na simu zilizozimwa.

Hata nyumbani hakupumzika. Mumewe akipiga chafya na kuomba vidonge, alipewa maji ya moto na mhadhara. "Nimeoa duka la dawa lililofungwa," alilalama mzee wa watu.

Polepole wodi zikamwelewa: dawa zikitolewa ovyo, vijidudu huzizoea, na siku ya hatari zinabaki mapambo. Wodi ya upasuaji pekee ndiyo iliyogoma, maana bosi wa wodi hiyo alikuwa na shingo ya chuma.

"Dada, mgonjwa wangu akishapasuliwa anachomwa sindano wiki nzima. Kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

"Wangu!"

Utafiti ulihitaji wodi zote; bila hiyo ungefungwa mwisho wa mwezi, na miaka yote ya kuchukiwa ingekwenda na maji.

Ndipo ngiri ikamshika bosi. Vijana wake wakampasua salama salimini, kisha kwa heshima zote wakamwandikia sindano zilezile alizowafundisha. Wiki haijafika katikati, dawa hizo zikamharisha. Mama Mpaka Lini alipopita alimkuta amejikunyata kitandani, macho kwenye mlango wa choo kama mkimbiaji anayesubiri filimbi.

"Nani kaandika upuuzi huu?" bosi aliunguruma, akiikodolea macho sindano mkononi mwa sista.

Sista akatazama sakafu. "Ni utaratibu wako, bosi."

Mama Mpaka Lini alikuwa na hotuba ya miaka kooni. Akaimeza, akavuta kiti.

"Kidonda kinavuja?"

"Kikavu."

"Homa?"

"Sina."

"Basi hii sindano ni ya nini? Na mpaka..."

"Usimalizie!" Bosi alifumba macho. "Sista, irudishe. Waambie wale vijana: kuanzia leo dozi moja kabla ya kisu, basi. Na wewe dada, ingiza wodi yangu kwenye huo utafiti wako. Ila nipishe kwanza!"

Akachomoka, gauni la wagonjwa kalishika kwa nyuma. Mlango wa choo ukajibamiza. Tangu aanze kazi, hiyo ndiyo mara pekee ambayo Mama Mpaka Lini hakumuuliza mtu mpaka lini.