Jeneza Lililobaki Kwenye Mkanda

Nimeletewa habari kwamba yule fundi sinema wa mtaa wa Stechford amefariki, na zimenikata maini. Wengi wenu mlimjua: Mhindi wa Nairobi aliyefika Birmingham mwishoni mwa miaka ya sitini na masanduku mawili, moja la nguo, jingine la mashine ya sinema. Mkewe alizoea kututania kwamba kama forodhani wangelikataa moja, lingeachwa la nguo. Ndani ya lile la mashine mlikuwa na mkanda wa kale, sinema bubu ya kumwomboleza rais wa nchi ya mbali aliyepigwa risasi kabla baba zetu hawajazaliwa.

Kila kiongozi alipouawa huko Afrika, na Mungu anajua hatukupewa nafasi ya kupumua, tulikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, Wakristo, Waislamu na Masingasinga, akatuonyesha mkanda huo. Picha za watu wetu hatukuwa nazo, basi tulimlilia Mzungu mwenye masharubu kana kwamba ni ndugu yetu. Mzee wetu alikuwa akisimama kando ya kitambaa cha sinema akisimulia, kama walivyofanya wasimulizi wa sinema za bure kule nyumbani. "Tazama, ndugu zangu! Huyu hapa kwa gari ya farasi, anavua kofia, anacheka. Bado hajui." Halafu linakuja jeneza, na ukumbi mzima unaangua kilio.

Sasa, mkanda mkuukuu hukatika, hasa mwanzoni, panaposhikwa kila unapopachikwa kwenye mashine. Ulipokatika aliondoa kipande kilichochanika, akaunga kwa gundi, maonyesho yakaendelea. Alihangaika mjini kutafuta wa kuunakili ule mwanzo kabla haujaisha, wakamwambia takataka hiyo haina faida. Nasi tukamwambia asijisumbue, kwani mazishi si bado yapo?

Mara ya mwisho tulikuwa tunamlilia kiongozi mwingine, sinema ikaanza moja kwa moja na jeneza. Nesi mmoja kijana, Mkenya wa mtaa wa Castle Vale, akauliza kwa sauti, "Lakini mzee, sorry, huyu mtu alifanya nini? Ama yeye alikuwa wa kufa tu?"

Mzee akaizima mashine. "Alikuwa anacheka, binti yangu. Alikuwa anasalimia watu. Mimi nimemaliza yeye pole pole, na makasi yangu mwenyewe." Akalia mbele yetu, nasi tusijue pa kutazama.

Wauaji wana dhambi yao, lakini sisi waombolezaji nasi tuna yetu: tunautunza msiba, mtu mwenyewe tunamwacha apotee. Mtazameni mtu angali hai, jamani. Nimeombwa niseme machache kwenye maziko, na tangu asubuhi najaribu kumkumbuka mzee wetu akicheka. Sioni ila kilio kile. Kama yupo msomaji aliyewahi kumwona akicheka, namsihi aje aniambie alikuwaje.