Tundu Lisilo na Sikio

Fundi wa kompyuta hajibu salamu. Yeye hugombeza kwanza. Vidole vyake vimejaa makovu ya kulehemu, na akikasirika hupuliza tundu la laptopu hata kama halina vumbi. Laptopu ya dada mmoja, mteja aliyeileta pamoja na redio ya kaseti, aliipuliza mara tatu. "Hili tundu la hedifoni ni mdomo, si sikio! Linatoa sauti, haliingizi! Umechomeka redio ya kaseti hapa, ukapiga mkanda mara ngapi?"

"Tisa," dada alisema kwa aibu. "Hakijarekodiwa kitu."

"Tisa! Mkanda wenyewe umechakaa, kila ukiupiga unazidi kuumaliza! Sauti ya nani humu?"

"Ya marehemu baba."

Fundi alisonya, akauchomoa waya wa redio kwenye laptopu, akauchomeka kwenye kiboksi chake cha kurekodia na kuiwasha kaseti, huku bado anabwata: kuuliza si ujinga, lakini watu na ujuaji wao, watu wanaharibu vitu vyao wenyewe, watu…

"Hebu nyamazeni huko!" mzee aling'aka kutoka kwenye kaseti. "Mtu hawezi hata kurekodi kwa amani?"

Fundi alifumba mdomo. Kisha, kwa sauti ambayo dada hakujua kama anayo, akasema, "Samahani, mzee."