Miguu ya Mtoto

Fundi wa fremu wa pale Wandegeya hunawa mikono kabla ya kugusa picha za Bikira Maria, zile nakala za michoro ya kale ya Italia zinazochapwa katika duka la jirani. Yeye ni Mwislamu wa Kibuli na humwita Bibi Mariamu. Kila picha huipuliza vumbi polepole, kama anapoza uji. Vidole vyake vimejaa makovu ya vioo, lakini sijawahi kuona karatasi ikikunjika mikononi mwake.

Juzi nilimkuta na Aciro, askari polisi, ambaye alileta fremu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Picha ya Bikira Maria aliyoinunua ilikuwa ndefu kuliko fremu. "Kata picha hapo chini, fundi," alisema. "Fremu ya mama usiiguse." Fundi aliweka rula, akatazama, akaiondoa. Hapo chini palikuwa na miguu ya mtoto Yesu, minene, vidole vimekunjika. "Afande," alisema kwa upole, "huyu mtoto atatembea na nini?" Aciro akaisukuma fremu mbele ya fundi. "Haya, fungua. Ongeza mbao."

Fundi hakuichukua. Alikwenda kwanza kunawa mikono.