Jiwe Lisilo na Mabega

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo anayesoma hapa asinidai mpangilio. Nitasema kama ninavyosema jikoni. Nataka kueleza habari ya kijiwe cha mama yetu, na jinsi nilivyojifunza uzeeni kufunga mawe kwa waya ili yavaliwe shingoni, na kwa nini jambo hilo halijanitoka moyoni.

Kwetu ni Newala, juu kabisa, kwenye mchanga mwekundu. Hapa Masasi nililetwa na ndoa. Nilipoiona milima ya huku, mawe matupu yamekaa kama tembo waliolala, nilimuuliza mume wangu nani aliyeyapanga. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mtu wa Newala utamlaumu nini? Kule unaweza kulima shamba zima jembe lisigonge kitu. Na maji tulikuwa tunayafuata bondeni, tunapanda nayo kichwani, halafu mama anayachukua kukandia udongo wa vyungu, baba ananuna. Baba alikuwa mtu wa kununa sana. Tumwache apumzike.

Mama alikuwa mfinyanzi. Chungu kikishanyauka kidogo alikuwa anakisugua kwa kijiwe mpaka king'ae. Kijiwe chenyewe saizi ya yai la njiwa, rangi ya maini, kilitoka mto Ruvuma. Mama alikipata kwa mama yake, na mama yake sijui kwa nani. Kwa kusuguliwa miaka yote hiyo kilikuwa laini, ukikishika unadhani kimelowa. Kazi yangu na dada yangu ilikuwa kuchambua udongo, kutoa kila punje ya jiwe, kwa sababu punje ikibaki, chungu kikiwekwa motoni kinapasuka, unasikia paa, na hapo mama haulizi nani, anatuchapa wote wawili. Dada ndiye mkubwa, ndiye aliyeachiwa kijiwe. Na mimi nilikitaka. Lakini mkubwa akishapewa, wewe unasema shikamoo dada, unaendelea na mambo yako.

Sasa dada kapigwa kiharusi. Upande wa kulia hauna kazi, mdomo umekwenda pembeni, maneno yanatoka moja moja. Kufinyanga ndiyo basi. Kilichobaki ni kijiwe, anakishika kwa mkono wa kushoto kutwa nzima, anakisugua na kidole gumba. Akisinzia kinaanguka. Kikianguka analia, na kilio cha mtu mzima asiyeweza kusema usiombe kukisikia. Binti yake anayemuuguza ndiye anayeingia uvunguni. Kuna asubuhi alikifagia pamoja na takataka bila kujua, akaenda kukichakura jalalani huku mama yake analia ndani. Nilipokwenda kuwatazama aliniambia, "Mama mdogo, hiki kitapotea tu. Na siku kikipotea, na yeye simwoni."

Niliteremka Masasi na maneno hayo.

Jirani yangu hapa ni mke wa mwalimu, mtu wa kuja, kwao Moshi. Anatengeneza hereni na mikufu ya mawe, alijifunza kwenye simu. Huwa namwona barazani na plaizi yake ndogo, nami nilikuwa nasema moyoni, huyu kakosa kazi. Siku hiyo nikamwendea.

"Shikamoo bibi. Leo umekuja kununua au kunisema?"

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kusoma."

Akadhani utani. Nikamweleza habari ya dada, akaacha kucheka, akanisogezea mkeka.

Waya wake ni wa shaba, anaupata kwa fundi anayetengeneza mota zilizoungua. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kuulainisha. Unaushika juu ya makaa mpaka uwe mwekundu, unauzamisha majini, unatoka laini kama uzi. "Ila waya uote moto peke yake, bibi," akasema. "Jiwe likae mbali kabisa na moto." Nikamwambia mimi ni mtoto wa mfinyanzi, ya moto nayajua.

Halafu unakata vipande virefu, unavilaza pamoja, katikati unavizungushia waya mwembamba kama unavyofunga mzigo wa kuni. Unavitanua viwe kama kitanda, unalilaza jiwe, unavipandisha pembeni, juu unavikusanya na kuvisokota viwe mshipi mmoja, mwisho wake unaukunja kitanzi cha kupitisha uzi. Ukisema hivyo ni rahisi. Nilianza na vijiwe vya kuokota chini ya mlima. Waya ulinichoma vidole hata ugali nikala kwa kijiko, mimi, mtu wa Newala. Macho nayo ndiyo haya ya kuazima. Jiwe langu la kwanza mke wa mwalimu aliligeuza, akaligeuza tena.

"Bibi, hapa umemfunga mwizi?"

"Afadhali mwizi, ana mabega ya kushikilia kamba. Hili linateleza kama kambale."

Ndiyo shida yenyewe. Jiwe lenye kona linashika waya. Jiwe la mviringo, lililosuguliwa, ukibana huku linachomoka kule. Nami nilijua cha dada ni laini kuliko vyote. Nilifunga nikafungua mpaka korosho zikaanza kudondoka shambani, na kila nikisikia simu inalia nilidhani ni binti wa dada ananiambia kijiwe kimepotea.

Basi nikapanda Newala na plaizi ya kuazima. Nilimfungia pale pale jikoni kwake, yeye kakaa kwenye mkeka ananitazama mikono, kama mama alivyokuwa akituangalia tukichambua udongo. Kilichomoka, nikarudia. Kikachomoka, nikarudia. Mwisho kikakaa. Si vizuri sana, kilikuwa kinachezacheza ndani, lakini kilikaa. Nikapitisha uzi, nikamsogezea.

Hakupokea. Akanyoosha kidole kwenye makaa.

"Moto."

"Dada, hiki si chungu. Kimekwisha hiki, vaa."

"Moto."

"Yule aliyenifundisha kakataza, dada."

Akanitazama na lile jicho zima. Mama alikuwa hakiiti kitu chungu mpaka kitoke motoni, kabla ya hapo anakiita udongo, na dada alirithi hivyo hivyo. Binti yake akasema, "Mpe anachotaka, mama mdogo, la sivyo atalia mpaka jioni."

Ni dada yangu mkubwa. Tangu tukiwa watoto sijawahi kumjibu hapana mara tatu. Nikakiweka pembeni ya makaa, pembeni kabisa. Yeye akachukua kijiti kwa mkono wa kushoto, akakisukuma katikati.

Kilikaa kidogo tu. Paa. Majivu yakaruka, binti akapiga kelele, mimi nikatoa kwa mikono bila kufikiri, vidole vikaungua. Vipande viwili, vimegawanyika sawasawa kama korosho iliyobanguliwa. Nikaanza kulia mimi. Dada hakulia.

Vilipopoa alichukua kimoja, akanipa, akagusa waya. Nikafunga. Safari hii waya ulishika mara moja, maana pale kilipopasuka pana ukingo, kijiwe kimepata mabega. Nikamvisha. Akakisugua na kidole gumba, akafika kwenye ukingo, kidole kikasimama. Kipande cha pili nikamuuliza, "Na hiki nikufungie?" Akatikisa kichwa, akakisukuma kwangu juu ya mkeka.

"Chako."

Binti yake ananiambia ni ugonjwa, kichwa chake hakikumbuki kwamba jiwe linapasuka motoni. Labda. Lakini tulichapwa pamoja kwa hilo, na mfinyanzi wa umri ule hasahau. Mimi sikusahau. Nilijua wakati nakiweka pembeni ya makaa. Sasa sijui dada kanigawia urithi wa mama, au kanionyesha kwamba alijua siku zote nilichokitaka, na nikipate basi, kibovu. Na nashindwa kumuuliza, kwa sababu atanijibu neno moja tu, nami nitabaki kulitafsiri mpaka naingia kaburini.

Uvunguni siku hizi haingii mtu. Kipande chake anacho shingoni, analala nacho, na binti anapata usingizi. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta na nimelipata. Cha kwangu kiko hapa mezani na waya wake umeshalainishwa. Nakishika, nakiweka chini. Mke wa mwalimu anasema jiwe lenye kona kama hili nalifunga hata nimefumba macho, ananishangaa ninangoja nini.

Majuzi nilipanda tena kumtazama. Nikapiga hodi, nikamwambia shikamoo dada. Alinitazama shingoni kwanza, ndipo akaitikia.