Bujiku na Samaki wa Deraya

Kumkosa Bujiku pale sokoni Bariadi, labda uwe kiziwi. Tangu asubuhi ni ko-ko-ko, nyundo na bati, bati na nyundo, mpaka Matilda wa banda la pili, muuza samaki aliyehamia kutoka Lamadi, anampigia kelele apumzike kidogo watu wasikilizane. Anatengeneza majiko ya mkaa, masanduku ya wanafunzi wa bweni, ndoo za kunyweshea ndama. Ana miaka hamsini na minane, mfupi, mabega mapana, mzaliwa wa Mwandoya kule Meatu, na tangu ashike mkasi wa bati hajawahi kukiri kwamba chombo chake kinavuja. Kikivuja, umekitumia vibaya wewe.

Lakini majiko ni kazi ya tumbo. Kazi ya moyo wake ni ngoma. Usukumani pamba ikishatoka shambani watu wanacheza, na wanacheza kwa kushindana: kundi la Bagika upande huu wa uwanja, kundi la Bagalu upande ule, ngoma zinaanza pamoja, na watazamaji wanakimbilia wanakotaka wenyewe. Jaji hakuna, alama hakuna. Mwenye watu wengi mwishoni kashinda, na aliyebaki na ngoma zake na mbwa wawili anajijua. Kwa hiyo kila kundi lina kituko chake cha kuvuta watu, na kituko cha Bagika wa Bariadi, kwa miaka ishirini na moja, kilitoka mikononi mwa Bujiku. Twiga anayepepesa macho alikuwa wake. Fisi anayecheka mpaka watoto wanalia alikuwa wake.

Halafu akaja Mahona. Huyo ndiye manju wa Bagalu, mwimbaji wao na kiongozi wao, jitu refu lenye sauti ya kutikisa mabati, na kituko chake ni chatu. Chatu mzima, mnene kama paja, anajizungushia shingoni na kuimba naye! Sasa nani atatazama twiga wa bati wakati kuna nyoka anayepumua? Miaka miwili mfululizo Bagika walichezea vumbi.

Mwaka huu Shigela, mwenyekiti wa Bagika, aliitisha kikao akamwambia Bujiku mbele ya watu wote, kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyouma zaidi.

"Baba, tumekuheshimu sana. Lakini tukishindwa mara ya tatu, kituko tutampa mtu mwingine. Tumeshaongea na jamaa mmoja wa maspika na taa za rangi."

"Taa za rangi! Tunacheza mchana kweupe!" Bujiku aliwaka.

Wengine wakaleta habari za mganga, kwamba mvuto wa watu una dawa yake na Mahona keshachanjwa. Bujiku alisimama akasema hachanjwi na mtu, dawa yake yeye ni nyundo, akatoka. Nyumbani hakula. Mkewe Sayi alimwekea ugali na mlenda, Bujiku akautazama tu mpaka ukapoa. Ishirini na moja, miaka yote hiyo, halafu unapokonywa na mwenye spika!

Jumamosi yake binti yao Benedikta, anayefundisha baiolojia sekondari, alikuja sokoni na simu mkononi.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu."

"Nataka unitengenezee fuvu la samaki, la kufundishia. Huyu hapa."

Bujiku alivaa miwani, akaishika simu, akaisogeza karibu na macho. Ilikuwa picha ya kichwa kikubwa cha mfupa, mabamba kwa mabamba, yamepangwa na kuungana kwenye kingo kama vile mtu ameyakata na kuyapiga ribiti, vile vijisumari vya kuungia bati. Mdomoni hapakuwa na meno. Palikuwa na mabapa mawili juu na mawili chini, makali, yanapishana.

"Nani kafua hii?" aliuliza.

Benedikta alicheka mpaka akakaa kwenye sanduku. "Hajafuliwa, baba. Amezaliwa hivyo. Ni samaki wa deraya, kama vazi la chuma la askari wa kale. Aliishi baharini miaka milioni mia tatu na sitini iliyopita, na yeye ndiye alikuwa bwana wa bahari. Anafungua mdomo haraka hivi kwamba maji yananyonywa pamoja na kitoweo, halafu anafunga, kwa! Mabapa yale yananoana yenyewe kila anapofunga."

"Kama mkasi wangu!"

"Kama mkasi wako kabisa."

Mzee akatupa nyundo. Maswali yakamtoka mfululizo, na sokoni watu wakaanza kusogea. Wakati huo nchi kavu kulikuwa na nini? Ng'ombe? Hakuna. Ndege? Hakuna ndege, baba, hakuna hata nyasi. Hata nyasi! Sasa ng'ombe wangekula nini! Pamba je? Duniani hapakuwa na ua hata moja. Kulikuwa na miti ya ajabu ajabu na wadudu, lakini raha yote ilikuwa majini. Humo walijaa samaki wenye mabamba, wa kila namna. Wengine wadogo kama kiganja, hawana taya, wanafyonza tope chini. Wengine wana mikono iliyofunikwa mfupa mithili ya kaa. Na huyu mkubwa anawavunja wote, hata wa ukoo wake, maana yamepatikana mabamba ya mfupa yaliyogeuka mawe, yana alama za taya zake mwenyewe.

"Anakula nduguze!" alisema Matilda kutoka kwenye meza yake ya sato. "Basi ni sangara huyo."

"Urefu?"

"Hapo wataalamu wanabishana. Zamani walisema mita tisa. Sasa wengine wanasema hazifiki hata tano."

Bujiku alikuna kidevu. "Tisa hapiti njiani. Tano Mahona atanicheka. Nitafanya sita."

Benedikta alikuwa bado anaeleza, anasogeza picha kwa kidole, anaonyesha habari za mwili na mkia, lakini baba yake alikuwa ameshachukua chaki anachora kwenye bati. Hashikiki tena. Fuvu la kufundishia lilisahaulika siku ileile.

Wiki tano! Majiko ya watu yalikaa, wenye masanduku walikuja wakaondoka wanasonya. Alipasua mapipa ya mafuta, akanyoosha mabati ya paa yaliyokuwa yamekunjamana, akapiga juu ya kipande cha reli mpaka mikono ikavimba. Taya aliliwekea springi za lori ili likifunguliwa kwa kamba lijifunge lenyewe kwa kishindo. Mara ya kwanza lilipofunga, kuku watatu walikimbia kutoka uani na mmoja hajaonekana mpaka leo. Akawatengenezea wachezaji kofia za samaki wadogo, wale wasio na taya, wawe wanakimbia mbele ya mkubwa. Akawa anaongea peke yake, anacheka peke yake. Sayi akasema heri hivyo kuliko kutazama ugali.

Kikundi kikamwita samaki Ng'wanabati, mwana wa bati. Na bati kweli, kuanzia puani mpaka ncha ya mkia, mita sita, hakuna tundu ambalo ungepitisha hata sindano. Bujiku alizunguka akipigapiga ubavu. Hapa, alisema, hata mvua haiingii.

Jumatano, siku tatu kabla ya mchezo, walimpeleka uwanjani kumjaribu. Wanaume wanane wakaingia ndani, wakamwinua. Ngoma zikaanza. Ng'wanabati akaenda hatua nne vizuri, kwa fahari, taya linapiga kwa! kwa! Shigela akaanza kutabasamu. Halafu manju wa Bagika akaimba sehemu ya kugeuka.

Hakugeuka. Atageukaje? Kichwa kilikwenda kushoto, mkia ukabaki kulia, wa ndani wakaanza kusukumana na kutukanana, na zigo lote likalala ubavu kwa mshindo uliosikika mpaka stendi. Waliwatoa mmoja mmoja, wamechubuka viwiko, wametota jasho. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo baya.

Shigela alisema taratibu, "Nitampigia simu yule wa spika."

"Nipe mpaka kesho," Bujiku alisema.

Matilda alikuwepo, pamoja na nusu ya soko. Alimzunguka samaki aliyelala, mikono kiunoni, akafika mkiani akaugonga.

"Bujiku, mimi samaki nimewashika tangu nina meno ya utoto. Huyu anaogelea na nini?"

"Na mkia."

"Mkia upi? Huu umeuvalisha sanduku! Samaki ni kiuno, kaka yangu. Kiuno kikigoma, huyo ni jiwe, anazama."

Benedikta, aliyekuwa amekuja kupiga picha, alimgusa baba yake begani. "Baba, nilikuambia siku ile. Deraya ilikuwa kichwani na kifuani tu. Huku nyuma hakuwa na bamba hata moja. Alikuwa mtupu, ngozi na nyama, ndiyo maana alikimbia."

"Uliniambia?"

"Nilikuambia ukiwa unachora."

Jamani, mzee alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Si kwamba hakuelewa, alielewa sana. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuziba. Mteja akiacha pengo, yeye analiziba. Hakuwahi kuacha kitu nusu wazi, na sasa wanamtaka achane kazi ya wiki tano na kupeleka mbele ya watu samaki aliye uchi nusu nzima. Alijisikia aibu kama vile ni yeye atakayevuliwa nguo. Alitazama zile ribiti za mkiani, mia nne na kitu, kila moja kaigonga mwenyewe.

Kisha akaomba patasi.

Alizing'oa zote, siku ile na kesho yake, huku anasema maneno ambayo sitayaandika. Sayi alifungua sanduku lake akatoa kaniki, zile nguo nyeusi, akaenda kwa majirani akarudi na nyingine, wanawake wakashona mwili mrefu wa kitambaa, na Matilda akasimamia umbo la mkia, mkali kama mkuu wa wilaya. Si hivyo, huo mkia wa kambale, kata tena! Wakaacha watu watatu kichwani, wanne kwenye kaniki na miti miepesi. Alhamisi jioni walimwinua. Akapinda! Akapinda kushoto, akapinda kulia, kiuno kinakwenda kama hakina mfupa, na Bujiku akapiga kelele ya furaha iliyomshtua yeye mwenyewe. Shigela aliirudisha simu mfukoni.

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka juu ya miti na juu ya matrekta. Watu walitoka Zagayu, walitoka Mwamanyili, wengine na baiskeli, wengine wamejazana kwenye malori ya pamba. Ngoma zikalia pande zote mbili na vumbi likapanda.

Mahona alianza kwa nguvu zote. Chatu shingoni, sauti juu, na watu wakamiminika kwake kama ng'ombe walioona lambo la maji. Upande wa Bagika wakabaki mia, wakabaki hamsini. Bujiku alisimama nyuma ya ngoma, hasikii hata mapigo. Akaona Shigela anatazama saa.

Ndipo samaki wadogo wakatoka mbio, kumi na wawili, wanaparamiana, wanapiga mayowe. Nyuma yao vumbi likapasuka akaja Ng'wanabati, anang'aa kwa jua la saa nane mpaka macho yanauma. Akajikunja kama anarudi. Akajikunjua ghafla. Kwa! Mdogo mmoja akaingia mdomoni mzima, miguu inaning'inia nje!

Ukelele uliotoka pale haukuwa wa Bagika wala Bagalu. Watoto walifika kwanza, halafu mama zao, halafu hata wale wazee wa Bagalu waliojifanya wanatafuta watoto. Benedikta alikuwa kwenye kipaza sauti anapasua koo: huyu si uongo, ndugu zangu, huyu aliishi, kabla ya nyasi, kabla ya ndege, alitawala bahari mamilioni ya miaka! Na kila aliposema, taya linaitikia.

Uwanja ukagawanyika katikati. Huku nusu, kule nusu, na muda unakwisha. Bujiku alikuwa anahesabu vichwa kwa macho, anachanganyikiwa, anaanza tena. Watu wa pembeni walikuwa wanabishana, mmoja anasema Bagika, mwingine anasema Bagalu, karibu washikane mashati.

Ghafla ngoma za Bagalu zikanyamaza.

Mahona alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa anatazama ng'ambo, mdomo wazi, chatu amelegea begani. Akaanza kutembea. Wenzake walimwita, mmoja alimshika mkono, akaupangua. Manju akiingia upande wa mwenzake kabla mchezo haujaisha, amejitoa mwenyewe, kundi lake limeshindwa, kila Msukuma anajua, hata mtoto. Mahona alijua kuliko wote. Alikuja tu, na uwanja mzima ukamfuata nyuma.

Alisimama mbele ya Ng'wanabati. Akagusa bamba la shingo kwa kidole, akafuata mstari wa ribiti mpaka pale bati linapokwisha na kaniki inapoanza. Akageuka akamtafuta fundi kwa macho.

"Bujiku," alisema, na ile sauti ya kutikisa mabati ilikuwa ndogo kabisa, "mwambie afungue tena. Nilikuwa mbali, sikuona vizuri."