Misalaba Midogo ya Padre Klementi

Enzi zetu, mtoto wa misheni aliijua do-re-mi kabla hajaijua a-e-i-o-u. Anayebisha aje hapa mjini, mtaa wa Katandala, aulize kwa mama Leokadia, ataoneshwa nyumba. Nitamwimbia sauti ya pili ya misa nzima bila karatasi, huku nachambua maharage. Nasema hivi kwa sababu juzijuzi kijana mmoja alinieleza, kwa adabu zake zote, kwamba nyimbo zetu zimepitwa na wakati. Neno hilo nimelala nalo na nimeamka nalo, na leo nalijibu.

Mwenye makosa, kama ni makosa, ni Padre Klementi. Alitoka Austria, huko milimani, akafika misheni kwetu, njia ya kwenda Chala, kabla mimi sijazaliwa. Alikuja na sanduku moja la nguo na kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Kwao alirudi mara moja tu, kumzika mama yake, na hata likizo hakuimaliza. Alisema kule hapati usingizi, hakuna upepo. Upepo wetu wa Ufipa unaujua wewe uliyekulia huku, ule wa mwezi wa saba unaokukuta umejifunika mablanketi mawili na bado unakuuliza habari. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, lakini Kifipa alifundishwa na vikongwe waliokuwa wakimpelekea maziwa, basi akawa anaongea kama bibi. Jitu zima refu, lina ndevu, linalalamikia magoti na kutuita wajukuu kwa sauti ya kikongwe. Tulikuwa tunakwenda kuchekea nyuma ya kanisa.

Kinanda chenyewe panya walikitoboa mivukuto mwaka nilioanza darasa la kwanza. Padre akataka kulia. Babu yangu Sabas, aliyekuwa mhunzi, akakizunguka, akachungulia ndani, akasema hiki kitu anakijua, ni mivukuto tu kama ya kwake ya kufulia majembe. Akakishona kwa ngozi ya mbuzi. Kikalia vizuri kuliko mwanzo, ila siku za mvua kanisa zima lilinuka mbuzi. Mpaka leo nikinusa ngozi mbichi naingiwa na ibada, na sioni aibu kusema.

Tukitoka shule, jembe begani, miguu imepasuka kwa baridi, tulipitia nyumbani kunywa togwa, tukacheza rede kidogo, kisha mbio mazoezini. Padre aliimba kwa mkono: do kiunoni, sol kifuani, do ya juu usawa wa paji la uso. Ukikosea hakuchapi. Alifunika kinanda akatazama dirishani mpaka ujionee haya mwenyewe, na wengi wetu tungechagua fimbo. Jioni, mbele ya ugali wa ulezi na migebuka mikavu, samaki wa ziwani, mama yangu Gaudensia aliniuliza swali lake lile lile. "Leo umeimba, au ulifungua mdomo tu?"

Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo wakati wa kupura ulezi. Waliokulia mjini niwaeleze. Wanawake husimama mistari miwili, wanatazamana, kila mmoja na fimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na mwisho wa kila mstari wa wimbo wote wanainama pamoja, fimbo zinashuka, punje zinaruka. Vumbi la makapi linawasha kuliko upupu. Mwaka mmoja Padre Klementi akaja na daftari lake, akakaa juu ya jiwe siku tatu, anaandika nota. Siku ya tatu ndevu zake zilikuwa zimejaa makapi, anajikuna, wanawake wanamcheka waziwazi, naye anaomba warudie.

Wiki zilizofuata akatuletea "Bwana, utuhurumie". Tulipoisikia tukatazamana. Ilikuwa sauti ile ile ya uwanja wa kupuria. Katekista wetu Desderi, mtu mwema lakini mkavu kama kuni, akaja juu. Akasema nyimbo za ulezi zibaki kwenye ulezi. Mama alikuwa amekaa mlangoni ananisubiri. Akamjibu bila kusimama.

"Katekista, ulezi wenyewe tunauleta hapa sadaka ya mavuno, mnaupokea kwa mikono miwili. Wimbo wake ndio mnaufukuzia nje?"

Jumapili ikafika.

Tukaanza kuimba vizuri kabisa, kinanda kinapumua, wanawake wamejipanga viti vya kushoto kama kawaida. Mstari wa kwanza ukaisha. Pale pale fimbo inaposhuka uwanjani, wanawake wote wakainama na kukanyaga chini kwa mguu wa kulia. Hawakupanga. Miili yao iliujua wimbo na ikafanya ilichozoea. Kishindo kikapita kwenye sakafu ya saruji mpaka altareni. Watoto tukaangua kicheko, Desderi akasimama, Padre akaacha kupiga kinanda. Nikamtazama mama. Nilijua kama atafedheheka mbele ya watu, hatakanyaga tena kanisani, namjua alivyokuwa. Yeye hakuinamisha uso. Padre akamuuliza, kwa Kifipa chake cha kibibi, mbona hivyo.

"Padre," mama akasema, "usipopiga hapo, ulezi hautoki."

Padre akachomoa penseli sikioni, akaandika daftarini kimsalaba kidogo mwisho wa kila mstari, kurasa nzima. Kisha akatugeukia. "Nilikosea mimi kuandika. Tuanze upya." Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mzima akisema amekosea, tena mbele ya watoto, tena padre. Tukaanza upya na kukanyaga, na Desderi naye akakanyaga, kidogo kidogo, akidhani hatumwoni.

Padre Klementi alizikwa pale misheni, ubavuni mwa kanisa, kama alivyotaka. Daftari alimwachia mama, mama akaniachia mimi. Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Mama yangu hakujua kusoma wala kuandika. Hana picha hata moja. Kitu pekee alichokiandika katika dunia hii ni ile misalaba midogo, kwa mkono wa padre.

Basi mwaka huu parokia yetu hapa mjini ikaandaa jubilei. Mwalimu wa kwaya, Evodi, kijana mzuri tu, hanywi pombe na anajua kompyuta, akaniomba daftari anakili. Nikampa kwa moyo mweupe. Akarudi na makaratasi yamechapwa, yanang'aa. Misalaba hakuna. Nikamuuliza iko wapi.

"Mama, ile nilidhani ni mapambo, nikaifuta. Halafu kinanda chetu kina midundo yake tayari."

"Na huo mdundo wako umewahi kupura ulezi wapi?"

Akacheka. Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Akanisikiliza, huku simu inamlia mfukoni, mwisho akasema mama, zile nyimbo zimepitwa na wakati, sisi tunaziboresha tu. Wanaboresha. Kizazi kinachobonyeza kitufe ngoma ikajipiga yenyewe kinamboresha mwanamke aliyepura tangu asubuhi mpaka mikono ikatoka malengelenge. Sikugombana naye. Nilipiga simu mbili.

Siku ya jubilei tulikaa watatu viti vya kushoto: mimi, Skolastika na nyonga yake mbovu, na Yustina aliyekuja na basi la alfajiri kutoka kijijini. Sote watatu tulikuwa wasichana wa kwaya ya Padre Klementi. Kwaya imevaa sare mpya, vipaza sauti kila kona, simu zinarekodi. "Bwana, utuhurumie" ikaanza, nzuri, laini, haina mifupa. Mstari wa kwanza ukaisha. Tukainama, tukakanyaga. Viatu vitatu vya wazee. Evodi akageuka kama aliyeumwa na siafu. Mstari wa pili, tukakanyaga tena, nami nikamtazama usoni kama mama alivyotazama. Wa tatu, vishindo havikuwa vitatu. Wamama wa nyuma yetu, nisiowajua hata majina, walikuwa wameupata wimbo miguuni. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Jana Evodi amenipigia. Analalamika kile kishindo kimeingia kwenye rekodi, wamejaribu kukiondoa, kimegoma. Nikamwambia akiache hapo hapo.

Enzi zetu tulikuwa na baridi, viatu hatuna, kanisa linanuka mbuzi, lakini mkubwa akikosea alichukua penseli akarekebisha mbele za watu. Siku hizi wanatafuta kitufe cha kufuta. Nimemwambia Evodi daftari liko hapa Katandala, na penseli nimeshaichonga. Aje tu.