Saruji Niliyoipaka Ngome

Mimi ni mtu wa nyumbani. Serikali ilipotufungia kwa ajili ya korona huku magharibi mwa Sydney, tusivuke kilomita tano bila sababu, mke wangu alicheka akasema, "Hatimaye wamekutungia sheria yako." Kilomita tano zenyewe, tangu tuhamie Merrylands, sijawahi kuzimaliza kwa miguu.

Kisha mjomba wangu mwashi akanipigia simu ya video kutoka jangwani, kaskazini mwa Kenya. Kwa mara ya kwanza maishani nikatamani kutoka.

Alikuwa anaikarabati ngome ya mji wetu. Wakoloni waliijenga kwa mawe na chokaa, pembe nne minara minne, kuta nene kiasi kwamba ukipenyeza mkono kwenye tundu la mlinzi, vidole havitokezi upande wa pili. Walipoondoka ikawa jela, kisha ghala la polisi, mwishowe zizi la mbuzi. Nilipomaliza kidato cha nne mjomba alinichukua tukazibe nyufa zake. Yeye alitaka chokaa iliyolowekwa shimoni wiki nyingi. Mimi na D yangu ya hesabu tuliona anachelewesha maendeleo. Alipokwenda mazishini siku tatu, niliupaka saruji mnara wa kaskazini, nikaziba hata tundu la mlinzi ili ukuta upendeze. Nilijiona mhandisi.

Ukuta wa chokaa hupumua. Saruji huuziba pumzi. Unyevu wa miaka yote ile ulinaswa ndani, mawe yakageuka unga.

"Mjomba," alisema sasa kwenye simu (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili), "njoo ubandue uchafu wako."

"Ndege hakuna, mjomba."

"Hata zilipokuwepo hukuja."

Ni kweli. Kila mwaka nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kochi.

Alihitaji kujua tundu lilipo. Lilizungushiwa mawe magumu. Akianzia hapo angebandua salama. Akigonga mahali pengine, mnara ungeweza kumshukia kichwani.

Basi, saa tisa alasiri yangu, saa mbili asubuhi yake, nilisimama sebuleni nikageukia ukuta wa nyumba ya kupanga, nikainua mkono kana kwamba nimeshika mwiko. Harufu ya chokaa mbichi ikanijia, na ule upepo mkavu unaopasua midomo. Huku ilikuwa inanyesha.

"Jua la asubuhi lilikuwa linanichoma shavu la kushoto," nikamwambia. "Nilisimama juu ya pipa. Tundu lilikuwa usawa wa paji la uso."

"Pipa la maji au la lami?"

"La lami. Lile fupi."

"Na wewe mwenyewe mfupi. Ngoja nishushe kidogo."

Akaweka tindo, akagonga polepole. Mara ya nne mlio ukabadilika, saruji ikaporomoka kipande kimoja, na nyuma yake weusi wa tundu. Mnara ulisimama. Mafundi wake wakapiga kelele. Mjomba akailaza simu mchangani akakimbia ndani, na mimi nikabaki na mbingu tupu kwenye kioo.

Nikamsikia akicheka humo ndani, sauti ikitokea tunduni, akiniita kama mtu aliyesimama pale nje: "Mjomba! Zunguka uingie, uone mwanga!"

Alikuwa amesahau. Sikumkumbusha.